Fulana za Bi Sanda

Ussi hakutoa salamu.

Alisukuma pazia la plastiki akaingia chumba cha kuchapia nguo, kofia mkononi, jasho likimchuruzika, na hapo hapo Hasna akajua leo kuna mtu atatoka damu. Maana kaka yake, hata akasirike vipi, salamu haimpiti. Siku aliyomfukuza mpangaji nyumbani kwao Kariakoo, alimpa kwanza asalaam aleikum yake kamili, akaitikiwa, ndipo akamtupia godoro barabarani. Leo hata hiyo hakuna.

"Kaka Ussi!" Hasna akaruka kutoka kwenye kigoda. "Umefika lini Guangzhou? Si ulisema unakuja mwezi ujao?"

Ussi alimpita. Macho yake yalikuwa kwa Joachim.

Joachim alikuwa kainama kwenye meza ndefu, mikono ya shati kaikunja, vidole vyeusi kwa wino, akikagua fulana moja moja. Huyu alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, Mchaga wa Kibosho, yuko China kwa ufadhili wa serikali. Kichina kilimtoka kwa ufasaha, na kwa sababu hiyo wafanyabiashara wa kwetu walimchukua awe mdomo wao sokoni Shisanhang. Hasna naye alimchukua kwa wiki moja tu, ya kununua magauni. Wiki ile ikazaa nyingine, magauni yakaisha, na mkalimani bado yupo. Alipenda jinsi kijana yule anavyomsikiliza mtu hadi mwisho wa maneno yake. Alipenda zaidi anavyomwangalia akidhani haonekani.

"Ndiye huyu?" Ussi akauliza.

"Kaka, kaa kwanza upumzike, nikuagizie chai..."

"Nimeuliza, ndiye huyu?"

Joachim akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akatabasamu kwa adabu. Masikini, alikuwa ameisubiri siku hii kwa hamu, na hata maneno alikwishayapanga. "Shikamoo, shemeji. Mimi naitwa Joa..."

"Shemeji yako nani?"

Ngumi ilifika kabla jina halijaisha. Ilimpata mdomoni, akarudi nyuma, akaangukia rafu, na fulana zikammwagikia juu ya kichwa. Mwenye karakana, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Lan, akapiga yowe akajibanza nyuma ya mashine ya pasi.

"Kaka! Una wazimu?"

"Wazimu ninao!" Ussi akageuka, mishipa ya shingo imemsimama. "Nimetoka yadi sasa hivi, Hasna. Sijala, sijaoga. Nimeshuka kwenye ndege nikasema nipitie yadi nione mzigo wetu kama umeshafungwa. Maulid, msimamizi wa yadi, ananipa mkono. 'Hongera bwana, dada kaolewa, mbona pilau hatukuliona?' Nikacheka! Nikadhani mzaha! Akanishika bega akanipeleka nikaone marobota kwa macho yangu."

Hasna akainamisha kichwa.

Hapa niseme, kwa asiyejua mambo ya mizigo. Wafanyabiashara wa kwetu hupakia kontena moja watu wengi, na kila robota huchorwa alama ya mwenyewe kwa rangi, ili likifika bandarini Dar lisipotee. Mwanaume ana alama yake. Mwanamke husafirisha kwa alama ya baba, au ya kaka, au ya mume. Hakuna sheria iliyoandikwa popote, lakini ndivyo ilivyo, na mwanamke akibadili alama, watu hawaulizi. Wanajua kaolewa. Safari hii Hasna alichoka kusafiri chini ya alama ya Ussi. Alimwambia Joachim amchoree herufi yake mwenyewe, H peke yake. Joachim, mtoto wa shule, hajui mila za yadi, furaha ikamzidi, akachora H, akaweka na J pembeni yake, kila robota, pande zote mbili.

"Kosa ni langu, kaka Ussi." Joachim alikuwa amejiinua kwa goti moja, damu inamtoka kwenye meno. "Mimi sikujua kama ina maana hiyo. Nilidhani ni... niliandika tu kwa mapenzi."

"Kwa mapenzi!" Ussi akarudia. "Sikia, mwanaharamu huyu! Kwa mapenzi!"

"Usimtukane," Hasna akasema. "H nilimwambia mimi. J aliiongeza mwenyewe. Lakini niliiona, kaka. Mkokoteni ulikuwa unaondoka, nikaiona, ningeweza kuwarudisha. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza kwa nini?"

"Kwa sababu nilifurahi."

Lo! Afadhali angesema uongo. Ussi alipiga hatua moja kumwendea dada yake, na mguu wake ukakanyaga fulana iliyokuwa sakafuni. Akaangalia chini. Akainama taratibu, akaiokota, akaikunjua mbele ya macho yake, na uso wake ukabadilika rangi.

Kifuani pa fulana ile palikuwa na bibi mmoja kajitanda sanda nyeupe hadi kichwani, pamba zimechungulia puani, wanja umemzunguka macho. Kakaa juu ya jeneza kakunja nne, anapuliza chai kwenye kisosi. Chini yake pameandikwa: BI SANDA. ZIMA TAA, NIJE.

Nani asiyemjua Bi Sanda pale Dar miaka ile? Kila Ijumaa usiku, kabla ya filamu ya kutisha, ndiye aliyetokea kwenye televisheni kuitambulisha. Na katikati ya filamu angerudi kuyasuta mazimwi. "Hili nalo zimwi? Zimwi gani linaingia nyumba za watu bila hodi?" Watoto walijificha chini ya meza wakachungulia. Watu wazima walijidai hawaogopi, na chooni hawaendi peke yao. Alipofariki, ndipo mapenzi yalipozidi. Vijana walimchora kwenye kuta za vibanda, wakamwita mama yao. Hasna alijua fulana hizi zitagombaniwa.

Lakini hakuzitengeneza kwa ajili ya biashara tu. Chini ya sanda ile alikuwa Bi Mwanakhamis, mama yao wa kuwazaa, yeye na Ussi.

"Nani kachora?" Ussi akauliza. Sauti ilikuwa ndogo sasa, na Hasna aliiogopa kuliko ile ya kelele.

"Mimi," Joachim akajibu. "Mimi nilimpenda sana mama yenu, kaka. Hasna aliponiambia kuwa ni mama yake, nililia."

Ukutani palikuwa na mti mrefu wenye ndoano ya chuma, wa kutungulia nguo zilizoning'inizwa juu. Ussi aliunyakua. Pigo la kwanza lilimpata Joachim begani, la pili mbavuni, la tatu kwenye mkono alioukinga uso. Kila pigo lilitoa mlio wake. Joachim hakurudisha. Alijikunja tu, akisema, "Kaka, tuongee. Kaka, tuongee," na Ussi anampiga na kumjibu kwa wakati mmoja.

"Tuongee nini? Mimi nilibeba jeneza la mama yangu! Mimi! Nimetoka naye nyumbani, vijana wamejipanga njia nzima, wanapiga makofi! 'Bi Sanda, zima taa! Bi Sanda, njoo!' Mama yangu anapelekwa kuzikwa, watu wanacheka! Sanda aliichezea, ikamchukua! Na weye, Mgalatia weye, mtu wa kanisani, unamvisha tena, unampeleka Kariakoo akauzwe!"

"Hawakuwa wanacheka!" Hasna alimrukia, akaung'ang'ania mti kwa mikono miwili. "Kaka, wewe ulikuwa chini ya jeneza, hukuona kitu. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, mimi nilikuwa dirishani. Niliwaona nyuso zao. Walikuwa wanalia, kaka! Wanapiga makofi na machozi yanawatoka. Walimuaga kwa maneno aliyowafundisha yeye. Wangemuaga kwa yapi mengine?"

"Muongo."

"Wallahi nimewaona! Mpaka yule muuza kahawa, ambaye mama alikuwa hamlipi!"

Mkono wa Ussi ulilegea kwenye mti. Kwa kitambo kidogo Hasna alidhani amempata, kaka yake wa utotoni, aliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye vichochoro vya Kariakoo. Halafu akamsukuma. Mti ukamponyoka Hasna, yeye akagonga mgongo kwenye meza. Juu ya meza palikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Ussi aliutupa mti, akauchukua mkasi, akashika fulana ya kwanza, akaupitisha usoni mwa mama yake kutoka paji hadi kidevu.

Kraaa. Akaitupa, akachukua nyingine.

"Ussi, basi."

Nyingine.

"Unamkata mama, Ussi! Huyo ni mama!"

"Ndiyo, namzika!" akapiga ukelele. "Mlikataa kumzika, namzika mimi!"

Hasna alimvaa. Alimng'ata mkono hadi akasikia chumvi ya damu mdomoni, akamparua shingo, akamvuta sikio walivyokuwa wakifanyiana zamani, ila safari hii hakuna aliyekuwa anacheza. Mkasi ulimchana Hasna kiganja. Hakusikia hata maumivu. Ussi alijinasua akamzaba kofi kwa nguvu zake zote, na Hasna akaanguka chini na kukaa, masikio yanavuma.

Hapo ndipo Joachim aliponyanyuka.

Kumbe kijana alikuwa na nguvu, ila adabu ilimfunga. Vipigo vyote vile alivivumilia kwa kuwa mpigaji ni kaka wa mpenzi wake, na kaka hapigwi. Kofi alilopigwa Hasna hakulivumilia. Alimkumba Ussi tumboni kwa kichwa, mkasi ukaruka, wakaanguka wote wawili juu ya lundo la fulana. Joachim akawa juu. Akampiga ngumi ya pua, pua ikapasuka. Akampiga nyingine. Kisha akaiweka mikono yake miwili kooni mwa Ussi, akakaba.

"Joachim," Hasna akaita.

Hakusikia.

"Joachim, mpenzi, mwachie. Tosha."

Hakuachia. Hasna akatambaa hadi karibu, akamwona uso, na kilichomtisha ni kwamba haukuwa na hasira. Joachim alikuwa ametulia. Alimwinamia Ussi kwa makini, midomo imefumba, na vidole vinazidi kuzama. Ussi alipiga visigino sakafuni. Macho yalimtoka, yakamtafuta dada yake, yakampata, na hayakuwa macho ya mtu mzima tena.

Hasna alimshika Joachim shati, likachanika. Alimvuta nywele. Alimpiga mgongoni kwa ngumi, naye ni kama hayupo. Visigino vya Ussi vikapunguza kasi.

"Yarabi nisamehe," Hasna akasema.

Akauokota ule mti sakafuni, akaunyanyua kwa mikono miwili, na kile kiganja kilichochanika kikateleza kwa damu. Akampiga Joachim nyuma ya sikio.

Alimpiga mtu anayempenda, na alimpiga kweli. Joachim aligeuza shingo akamtazama, akashangaa, ni kama anataka kumuuliza jambo. Kisha akaanguka ubavu na kutulia. Ussi alijiviringisha upande wa pili, akakohoa, akavuta pumzi kwa mlio, akatapika mate na damu. Kule nyuma ya pasi, mama Lan alikuwa ameshatoweka.

"Umefanya vizuri," Ussi akasema, sauti imekwaruza. "Damu ni damu. Inuka twende. Kesho tunaondoka."

"Siendi popote." Hasna alikuwa amekipakata kichwa cha Joachim, kanga yake ameibana kwenye jeraha. "Joachim. Joachim, fumbua macho. Nakuomba, baba. Nakuomba."

"Umeshachagua, Hasna! Umempiga kwa mkono wako!"

"Sijachagua! Nani kakwambia nimechagua?" Akalia sasa, kwa sauti, bila kuficha. "Nilitaka muishi nyote wawili, mijitu mijinga nyie! Ni dhambi hiyo? Nimebakiwa na wanaume wawili tu katika dunia hii, mmoja anamkaba mwenzake, na mimi ndiye naambiwa nimechagua!"

Joachim akafumbua jicho moja.

"Hasna."

"Niko hapa."

"Ni wewe uliyenipiga?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Ungemuua. Na mimi siwezi kuolewa na mtu aliyemuua kaka yangu."

Joachim akalitafakari hilo, jicho limejaa maji. "Kwa hiyo kuolewa... bado unataka?"

Kabla Hasna hajajibu, vishindo vya buti vikapanda ngazi. Walinzi wa jengo, wawili, virungu mikononi, na mama Lan nyuma yao anaonyesha kidole. Mlinzi wa kwanza hakuuliza kitu. Alimtandika Ussi kirungu cha ugoko, Ussi akaanguka magoti, na mwenzake akampinda mkono nyuma. Wa kwanza akatazama damu, fulana zilizochanwa, mkasi, kijana aliyelala. Akatoa redio yake ya mkononi akaileta mdomoni.

Hasna alijua maana ya redio ile. Polisi wakifika, mwanafunzi aliyepigana hana chuo tena, na kaka yake atalala rumande hadi siku ya kurudishwa kwao.

Kichina chake kilikuwa cha rangi na saizi na punguza bei. Lakini neno moja alilijua, kwa sababu wauza nguo wa Shisanhang walimtania nalo kila alipopita na Joachim, hadi akamuuliza, na Joachim akamwambia kwa haya kuwa maana yake ni mume.

"Laogong," akasema kwa nguvu, akiweka mkono kifuani mwa Joachim. "Laogong wangu." Akajigonga kifua mwenyewe, akauonyesha mti, akaonyesha kichwa cha Joachim. "Mimi. Nimempiga mimi." Akamwonyesha Ussi. "Kaka yangu. Kaja kuamua." Na akatikisa mkono kwa namna ile ambayo watu wote duniani huelewa kwamba haya ni ya nyumbani, tuachieni wenyewe.

Mlinzi akashusha redio kidogo. Akamtazama mwanamke, akautazama mti, kicheko kikamchezea mdomoni. Lakini hakuwa mjinga. Akamgeukia Ussi, akamnyanyua kidevu kwa ncha ya kirungu, akamnyooshea Joachim kidole.

"Laogong?" akamuuliza. Mumewe, kweli?

Hasna akamtazama kaka yake. Alikuwa amepiga magoti, pua imevimba, alama za vidole zimemkaa shingoni. Akitingisha kichwa tu, Joachim amekwisha. Na Ussi mwenyewe angekwisha, lakini Hasna alimfahamu. Kukwisha hakukuwahi kumzuia na jambo lolote.

Ussi alimtazama Joachim kwa muda. Akamtazama dada yake, kofi lake bado limemwiva shavuni, kiganja kinatiririka. Akameza mate, na hata kumeza kulimuuma.

"Laogong," akasema.

Mlinzi akacheka waziwazi, akasema kitu kwa mwenzake, huenda kuhusu wanawake wa Kiafrika, akamwachia Ussi mkono. Redio ikarudi mkandani. Mama Lan alianza kulalamika juu ya fulana zilizochanwa, wakamtuliza.

Ussi akajiinua kwa kuegemea meza. Akachechemea hadi walipokuwa wale wawili. Hasna akakumbatia kile kichwa kwa nguvu, hajui kinachokuja.

"Sikia, Hasna," Ussi akasema. "Nimesema mbele ya Mchina. Mbele ya Mungu sijasema."

"Nimekusikia, kaka."

"Na huyu hajui dini yetu. Na mimi sijamsamehe. Simsamehi leo wala kesho."

"Nimesikia."

"Basi usilie." Akageuka, akawapa mgongo, akachuchumaa mbele yao na mguu ule ulioumia umetangulizwa. "Mpandishe. Teksi haziingii huku ndani, na huyu akilala humu atakufa."

Hasna alimnyanyua Joachim kwapani, akampandisha mgongoni mwa kaka yake, akamzungushia mikono ile ile kwenye shingo ile ile. Ussi alishtuka alipoguswa na vidole vile, lakini hakuvitoa. Akasimama kwa mguno. Wakaanza kushuka, damu ya Joachim inamdondokea Ussi kwenye shati la safari, na Hasna nyuma, mkono mmoja umeshika kiuno cha huyu na mwingine mgongo wa yule.

"Kaka," akamwita. "Na ukija kuulizwa mbele ya Mungu?"

Mguu mbovu ulimpinda, akaegemea ukuta, akahema. Yule mlinzi aliyempiga akateremka mbio, akanyoosha mikono ampokee Joachim. Ussi alimsukumia mbali kwa kiwiko, akajipandisha mzigo wake vizuri mgongoni, akaendelea kushuka.